Mitufaha Yetu Imeungua: Je, Serikali Itaturudishia Gharama ya Kupanda Mingine?

Swali

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, sasa naishi Michigan, kaskazini ya Grand Rapids. Mimi na mume wangu tumekodi eka nne kwa mzee mmoja wa huku, na miaka sita iliyopita tulipanda humo mitufaha 2,400 aina ya Gala, kwa fedha zetu wenyewe. Mwaka huu, baada ya mvua ya mawe ya katikati ya mwezi wa sita, matawi yalianza kuwa meusi kama yamebabuliwa na moto. Sasa tuko mwezi wa nane na miti kama 700 imekauka kabisa. Mwenye ardhi anatuhimiza tung'oe yote tuchome kabla ugonjwa haujavuka kwenda kwenye miti yake. Mume wangu ameshanunua msumeno wa petroli. Jirani anasema serikali hurudisha sehemu ya gharama za kupanda upya. Je, ni kweli? Hata kwa sisi tuliokodi, tena wenye kadi ya kijani tu? Na tutapata kiasi gani?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu, na poleni sana. Miti 700 si mchezo, hasa kama kila shimo mlilichimba wenyewe.

Ni kweli, na kwa maelezo uliyonipa mna haki ya kuomba. Lakini kabla hujaendelea kusoma, mwambie shemeji msumeno aupumzishe kwanza. Katika kazi yangu nimeona maombi mengi ya namna hii yakikwama, na mara nyingi tatizo halikuwa ugonjwa wenyewe. Mtu alikata kwanza, akapiga simu baadaye.

Kuna mkulima mmoja wa pichesi niliyekuwa namshauri, mtu msafi wa shamba kupita kiasi. Miti yake ilipokufa aling'oa safu zote, akachoma, akasawazisha ardhi na kupanda mahindi matamu. Alipofika ofisini kuomba msaada, afisa alimwuliza swali moja tu: "Tukahesabu nini?" Mkononi alikuwa na picha tatu za simu, na moja kati ya hizo ilikuwa ya mbwa wake. Hakupata kitu. Na mimi sijisafishi: ndiye niliyemwambia ang'oe, nikasahau kumwambia aanzie ofisini.

Mpango wenyewe unaitwa Tree Assistance Program, kwa kifupi TAP. Unasimamiwa na Farm Service Agency, yaani FSA, chombo kilicho ndani ya wizara ya kilimo ya Marekani, na sheria ya kilimo ya mwaka 2014 iliufanya kuwa wa kudumu. Unawahusu wenye miti, vichaka na mizabibu inayozaa kila mwaka kwa ajili ya biashara, pamoja na wenye vitalu vya miti. Miti ya mbao haimo, wala ule mtufaha mmoja wa nyuma ya nyumba. Maafa yanayokubaliwa ni mengi: baridi kali, mafuriko, ukame, moto, radi, wadudu na, kwa faida yenu, magonjwa ya mimea.

Sasa habari ya kukodi. Watu wengi hukata tamaa hapa bila sababu. Kanuni haidai kwamba ardhi iwe yenu. Inadai kwamba miti iwe yenu siku maafa yalipotokea, na iendelee kuwa yenu mpaka siku ya kuomba. Mlinunua miche, mkaipanda, mkaitunza. Hiyo ni hoja nzuri. Swali ni kama mnaweza kuionyesha kwa karatasi. Wengi wetu hukodi mashamba kwa maneno na kupeana mikono, kama nyumbani, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, kwa sababu mti uliosimama kwenye ardhi ya mtu unaweza kuhesabiwa kuwa ni mali ya mwenye ardhi mpaka pawepo maandishi yanayosema vinginevyo. Kama mkataba wenu ni wa mdomo, kaeni na huyo mzee wiki hii, aandike na kutia saini kwamba miti ni yenu tangu mlipoipanda. Ongezeni risiti za kitalu cha miche. Asipokubali kuandika, hamjashindwa, ila mnijulishe kabla hamjakwenda ofisini, maana hapo mambo yanabadilika: huenda yeye ndiye atakayestahili kuomba.

Kadi ya kijani haina shida. Mkazi wa kudumu anaingia sawa na raia. Kuna kikomo cha kipato pia, wastani wa dola 900,000 kwa mwaka, lakini sidhani kama ninyi na mimi tunahitaji kukosa usingizi kwa hilo.

Jambo linalowachelewesha wakulima wageni ni namba ya shamba. FSA hulitambua shamba kwa namba yake kwenye kumbukumbu zao, na kama hamjawahi kufika ofisini huenda hiyo namba iko kwa jina la mzee peke yake. Mtahitaji kuonyesha mkataba wa kukodi, vitambulisho na namba zenu za kodi, kisha mtajaza fomu kadhaa: ile ya hifadhi ya ardhi, AD-1026, ya kipato, CCC-941, na ya mpangilio wa shughuli za shamba, CCC-902. Zinatisha kwa majina kuliko zilivyo. Omba mkalimani kama unahisi Kiingereza cha ofisini kinakupita. Uliza kama ofisi inatoa bure, na usione haya. Nimewaona watu wenye shahada wakitia saini wasichokielewa kwa kuogopa kuonekana hawajui lugha.

Sasa turudi kwenye msumeno.

Ugonjwa mlio nao, kwa maelezo yako, ni ule ambao wakulima wa huku wameupa jina linalotokana na moto, fire blight. Mimi nitauita ugonjwa wa kuungua. Unaletwa na bakteria anayeitwa Erwinia amylovora. Ncha ya tawi changa hujikunja kama kichwa cha bakora, majani yanakuwa meusi lakini hayaanguki, na siku za unyevu utaona matone ya utomvu wa rangi ya asali yakichuruzika kwenye gome. Bakteria huingia kupitia maua wakati wa joto na mvua, au kupitia majeraha. Mvua ya mawe ni majeraha elfu kwa dakika kumi. Ndiyo maana mliona balaa ndani ya wiki chache. Michigan inaujua ugonjwa huu kwa uchungu: mwaka 2000 ulifagia mashamba ya kusini-magharibi ya jimbo, na hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 42.

Hapa pana mvutano wa kweli. Ugonjwa unakutaka ukate leo. Ofisi inataka mti ubaki umesimama ili mtu aje auone. Mwenye ardhi yuko upande wa ugonjwa, na kwa haki yake, anaogopa. Lakini mpe maelezo haya: mti uliokwisha kufa na kukauka mpaka shinani si hatari kubwa kwa jirani yake mwezi huu. Bakteria huyu anahitaji ngozi hai ya mti. Anapopita salama majira ya baridi, anapitia kingo za vidonda vilivyo kwenye miti ambayo bado inaishi; masika ya huku yakifika, yaani baridi inapokwisha, vidonda hivyo hutoa utomvu, na wadudu na mvua husambaza. Kwa hiyo hatari ya mzee iko kwenye ile miti 1,700 mnayoiona kuwa mizima. Ikaguliwe mmoja mmoja. Tawi lenye dalili likatwe siku kavu, sentimita 30 hivi chini ya pale palipoanza kuwa peusi, maana bakteria huwa ameshatangulia mbele ya macho yako. Hiyo kazi fanyeni hata kesho. Ile 700 iacheni imesimama mpaka mkaguzi aje, na baada ya hapo msumeno wa shemeji utapata kazi ya kutosha.

Wakati mnasubiri, kusanyeni ushahidi, na msikusanye kama yule rafiki yangu wa mbwa. Chukueni utepe wa rangi, fungeni kila mti uliokufa. Safu zipewe namba, na kwa kila safu andikeni kwenye daftari miti mingapi ilikuwepo, mingapi imekufa, mingapi ina vidonda. Picha iwe na kibao chenye namba ya safu na tarehe. Pigeni picha ya mbali na ya karibu, kisha chagueni miti mitano au sita, mkwangue gome kidogo pale shina linapoingia ardhini, pale palipobebeshwa, yaani Gala ilipounganishwa na mti mwingine wenye mizizi, unaoitwa shina la chini. Mkiona rangi ya kahawia iliyokoza, nyekundu-nyekundu, ipigeni picha pia. Inaonyesha kwamba ugonjwa umeshuka mpaka kwenye shina la chini, na mti wa namna hiyo hauponi hata ukiwa na majani ya kijani juu. Mkaguzi anaweza kuuhesabu kuwa hai kwa sababu ya majani hayo, nawe ukaupoteza bure.

Pelekeni pia vipande vya matawi kwenye maabara ya magonjwa ya mimea ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, kule East Lansing. Ada yake ni ndogo kuliko gharama ya kubishana na ofisi kuhusu jina la ugonjwa.

Na siku zinakwenda. Kanuni inataka ombi lipelekwe ndani ya siku 90 tangu maafa, au tangu hasara ilipoonekana dhahiri, lolote litakalokuwa la baadaye. Mvua ya mawe ilinyesha katikati ya mwezi wa sita, kwa hiyo hesabu ya kwanza inaishia katikati ya mwezi wa tisa. Mnaweza kujitetea kwamba vifo vilionekana mwezi wa saba, lakini kwa nini muingie kwenye mabishano wakati simu ya leo inatosha? Mkipiga, andikeni jina la aliyepokea, tarehe na alichosema.

Kuna jambo lingine ambalo wakulima hawalitarajii. Mpango haulipi hasara ambayo ingeweza kuzuilika kwa hatua za kawaida. Kwa hiyo mtaulizwa: mlipuliza nini, lini? Daftari lenu la dawa ndilo litakalojibu. Kama mlipuliza dawa ya shaba machipukizi yalipoanza kuonyesha kijani, na kiuavijasumu wakati wa maua, onyesheni tarehe na kiasi. Kama hamkufika shambani kupuliza ndani ya siku moja baada ya mvua ya mawe, semeni ukweli na sababu yake. Pengine shamba lilikuwa limelowa, trekta haliwezi kuingia. Msitunge. Maafisa hawa wana rekodi za hali ya hewa za kila kituo, na wanakamati wa kaunti, wanaopitisha maombi, ni wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao. Wanajua vizuri mwaka huu ulikuwaje.

Haya, fedha. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba lazima shamba lipoteze zaidi ya asilimia 15 ya miti, juu ya ile inayokufa kawaida kila mwaka, na malipo yalihesabiwa kwa miti iliyozidi hapo tu. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 iliondoa hiyo asilimia 15. Sasa kinachopunguzwa kwenye hesabu ni vifo vya kawaida peke yake. Malipo ni asilimia 65 ya gharama ya kupanda upya, na asilimia 65 ya gharama ya kung'oa, kupogoa na kuandaa ardhi. Hii ya pili zamani ilikuwa 50. Mkulima anayeanza, yaani asiyezidi miaka kumi katika kuendesha shamba, hupata asilimia 75. Ninyi mna miaka sita. Jazeni fomu CCC-860 ya kujitambulisha kuwa ni wakulima wanaoanza, maana msipoijaza hakuna atakayewakumbusha, na asilimia kumi zitaachwa mezani.

Tufanye hesabu ya mfano. Bei hizi ni zangu za kukadiria, msizichukue kama za ofisi. Mna miti 2,400. Tuseme jimbo limekadiria kwamba asilimia 3 ya mitufaha hufa kwa kawaida. Hiyo ni miti 72. Iliyokufa ni 700, ukitoa 72 inabaki 628. Mche pamoja na kuupanda tuseme ni dola 16: 628 mara 16 ni dola 10,048, na asilimia 75 yake ni 7,536. Kung'oa na kuondoa tuseme dola 5 kwa mti: 3,140, na asilimia 75 yake ni 2,355. Jumla 9,891. Kwa kanuni ya zamani mngehesabiwa miti 268 tu, badala ya 628. Mnaona wenyewe tofauti.

Lakini tazameni na upande wa pili. Kung'oa na kupanda miti yote 700 kutawagharimu dola 14,700 kwa bei hizo hizo. Kwa hiyo karibu dola 4,800 zinatoka mfukoni mwenu. Tena ofisi hulipa kwa kiasi kidogo kati ya viwili: gharama yenu halisi, au kiwango ambacho FSA ya jimbo imekipanga. Kama kiwango chao cha mche na kupanda ni dola 12, ile 7,536 inashuka mpaka 5,652. Ulizeni viwango hivyo kabla ya kuagiza miche, msije mkanunua miche ya bei kubwa mkidhani serikali itafuata nyuma.

Na hawatangulizi fedha. Mnalipa kwanza, mnaleta risiti, ndipo wanarudisha. Dola elfu kumi na tano kutoka mfukoni si kitu cha kusema tu. FSA hiyo hiyo ina mikopo midogo ya mpaka dola 50,000 kwa wakulima wadogo, yenye makaratasi mepesi kuliko mikopo yao mingine. Unaweza kuomba ili kuziba pengo. Mimi ningekopa ile sehemu inayosubiri kurudishwa tu, si zaidi. Malipo yakifika, mtapewa pia karatasi ya kodi, 1099-G, kwa sababu ni kipato; mwambieni anayewaandalia kodi.

Kuna kitanzi kimoja kibaya. Mkishakubaliwa, mna miezi 12 kukamilisha upandaji. Upande mwingine, miche mizuri ya mitufaha huku haipatikani kwa kwenda kitaluni Jumamosi. Aina zinazotakiwa huagizwa mwaka mmoja, hata miwili, kabla. Ukisubiri kibali ndipo uagize, muda utakwisha miche ikiwa bado kwa mwenye kitalu. Pigieni vitalu simu sasa, mjue wana nini cha masika ijayo, na mpate bei kwa maandishi. Kama hakuna kinachopatikana ndani ya muda, ulizeni ofisi mapema, kwa maandishi, kama muda unaweza kuongezwa. Msije mkauliza mwezi wa kumi na moja wa hiyo miezi kumi na miwili.

Mpande nini? Hukunitajia shina la chini, lakini Gala ya miaka sita iliyopandwa kwa kubanana kiasi hicho, naweza kubeti kwamba ni M.9 au jamaa yake. Hilo ni shina zuri kwa mengi, ila si kwa hili. Ugonjwa ukiingia kwenye tawi la juu, hushuka ndani kwa ndani mpaka kwenye M.9, na mti unakufa mzima kwa msimu mmoja. Mashina ya Geneva, kama G.41, G.11 na G.935, yalitokana na kazi ya watafiti wa New York iliyolenga ugonjwa huu huu. Yanastahimili. Msidanganyike lakini: shina la chini haliikingi sehemu ya juu iliyobebeshwa. Gala iliyobebeshwa juu ya G.41 bado itaungua matawi, ila mti hautakufa kutoka chini. Utakata, utauguza, utaendelea. Kama soko lenu linaruhusu, changanyeni na Honeycrisp kidogo, haishambuliwi kirahisi kama Gala. Mkitaka kubadilisha aina, ulizeni kwanza ofisini, maana wanalipa kwa kulinganisha na ule mti uliokufa, hawafadhili shamba la ndoto.

Msirudishe mche kwenye shimo lile lile. Sababu yake si bakteria wa kuungua, ambaye hakai sana udongoni. Tatizo ni kwamba udongo uliozoea mitufaha hudumaza mitufaha mipya. Sogezeni katikati ya nafasi mbili za zamani. Na mwaka wa kwanza mkiona maua kwenye miche, yatoeni yote kwa mkono. Inauma, najua, lakini ua ndilo mlango mkubwa wa ugonjwa huu.

TAP hailipi matufaha ambayo hamtayavuna. Inalipa mti tu. Miaka miwili au mitatu ya kusubiri ni juu yenu, labda muwe na bima ya mazao. Kama hamna, tafuteni habari za bima hiyo kwa ajili ya misimu ijayo. Ya mwaka huu mmechelewa.

Huenda unajiuliza pia kama serikali yenyewe inaweza kuja kuwaamuru mkate. Kwa ugonjwa huu, sioni dalili. Kuamuru hutokea kwa ugonjwa mgeni ambao serikali inataka kuufuta kabisa, na hapo malipo huitwa fidia, hayaitwi msaada. Pennsylvania, kaunti ya Adams, mwaka 1999 kiligunduliwa kirusi cha pichesi na plamsi. Mashamba yaling'olewa kwa amri, wenye mashamba wakalipwa, na mwaka 2009 jimbo likatangazwa kuwa safi. Florida haikwenda vizuri hivyo. Katika vita dhidi ya kidonda cha machungwa, kati ya 1995 na 2006, iliangushwa miti zaidi ya milioni 16, pamoja na mindimu ya kwenye nyua za watu kwa sababu tu ilikuwa ndani ya futi 1,900 kutoka kwenye mti mgonjwa. Wenye nyumba walipewa vocha ya dola 100 kwa mti wa kwanza na dola 55 kwa kila uliofuata. Wakaenda mahakamani, na kesi zikachukua miaka na miaka. Vimbunga vya 2004 na 2005 vikausambaza ugonjwa kila mahali, kazi yote ikasimamishwa. Mwaka 2005 ukaingia na ugonjwa mwingine mbaya zaidi wa machungwa, ule wa majani kuwa manjano kwa mabaka na matunda kubaki mabichi upande mmoja.

Huo wa mwisho naomba ndugu zako wa Tanga wausikie. Mdudu anayeusambaza, chawa mdogo wa machungwa kutoka Asia, ameshaonekana Tanzania, Morogoro, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 2016. Kenya wamempata pia. Kutoka Lushoto kushuka Muheza ni safari ya nusu siku tu, na Muheza ndiyo michungwa. Zanzibar serikali imewahi kugawa miche ya mikarafuu bure kwa wakulima, na ni jambo jema. Lakini kugawa miche si sawa na kumhesabia mtu miti yake iliyokufa na kumrudishia gharama. Ukipiga simu nyumbani, waambie wasinunue miche ya kubebesha kutoka kwa muuza miche wa barabarani asiyejulikana alipoitoa. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya mdudu huyo kusafiri.

Mkikataliwa, msinyamaze. Barua ya kukataa lazima ieleze sababu na haki zenu za rufaa, na mkitaka kwenda mpaka National Appeals Division, kitengo cha rufaa cha wizara ya kilimo, mna siku 30 tangu mlipoipokea. Nimeona barua za kukataa zikigeuka kwa sababu ya karatasi moja iliyosahauliwa, mara nyingi mkataba wa kukodi.

Kesho asubuhi pigeni simu FSA ya kaunti yenu, ombeni ukaguzi wa shamba na tarehe. Mchana nendeni kwa mzee na karatasi ya kutia saini. Mpelekeeni na kitu cha kula, mazungumzo ya shamba hayaendi na tumbo tupu. Jioni anzeni na safu ya kwanza, utepe na daftari. Na ile picha ya gome lililokwanguliwa chini kabisa ya shina, nitumie mimi kwanza, ikiwa imepigwa mchana na si kwa tochi, nikuambie kama ile 1,700 iliyobaki ni mizima kweli au kuna mingine ya kuongeza kwenye hesabu kabla mkaguzi hajafika.